Mchochezi

Jumanne ndiyo siku ya majivu huko Kolver, mji wa migodi ya makaa ya mawe. Gari la halmashauri hupita saa tatu asubuhi, na kabla halijapita kila nyumba huwa imeshatoa ndoo zake na kuzipanga kando ya barabara, na wanawake wamesimama vibarazani na mafagio wakijifanya wanaondoa theluji. Hakuna anayeondoa theluji. Wanasoma ndoo. Majivu mepesi ya kijivu, yenye wekundu kidogo kama wa tofali lililosagwa, yanasema nyumba hii ina mwanamke anayejua kazi. Majivu yenye mabonge meusi yanasema nyumba hii inatupa makaa ambayo hayajaungua, makaa ambayo wanaume wa mji huo waliyafuata chini ya ardhi na wengine hawakurudi. Aibu ya hapo haitoki kwa kuoga.

Jumanne moja ya Desemba, mwaka 1958, Pelagia Hudak alipiga magoti kwenye theluji mbele ya ndoo ya nyumba yake mwenyewe, akazamisha mkono wenye glavu, akatoa bonge jeusi na kuliinua ili mtaa mzima ulione.

"Wiki ya tatu hii," alisema, na sauti yake haikuhitaji kupazwa. "Mimi napasha nyumba, mkwe wangu anapasha barabara."

Vibarazani wakacheka. Noreen, huyo mkwe mwenyewe, alikuwa mlangoni na mtoto begani, na alihisi uso unamwaka kuanzia masikioni. Alitaka kujibu. Lakini angejibu nini? Zamu ya kutikisa jiko asubuhi ni yake, na majivu ya asubuhi ndiyo yanayojaza ndoo. Akaingia ndani akafunga mlango, na hata kule ndani alimsikia mama mkwe wake akiendelea kuokota, bonge moja moja, na kuyatia kwenye bakuli.

"Usijifiche, Mchochezi," Pelagia aliita kutoka nje. "Mengine yako huku."

Jina hilo Noreen alilipata wiki yake ya kwanza katika nyumba ile, mwezi wa Oktoba. Alikuwa mtoto wa Filadelfia, aliyekulia kwenye vyumba vinavyopata joto kutoka kwenye mabomba, na moto pekee aliowahi kuukaribia ni wa kuni. Alipoona jiko la mama mkwe limefifia, alifanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya kwa kuni: alichukua chuma, akafungua mlango wa jiko, akachochea. Makaa ya mawe ya Kolver hayachochewi. Ni magumu, yanang'aa, hayatoi moshi, na yana kiburi. Ukiyachokoa kutoka juu, majivu yanaziba njia za hewa, na moto unanuna mpaka unakufa. Moto uliowashwa Septemba ili uzimwe Aprili ulikufa siku ile kabla ya chakula cha mchana. Pelagia alirudi kutoka kanisani, akaweka kiganja kwenye chuma kilichopoa. Alitoka akaenda kuwaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mchochezi. Neno hilo lina pande mbili, na tangu siku ile alilitumia kwa pande zote mbili.

Jiko lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Liliingia na mama mkwe wa Pelagia alipokuwa bibi harusi, na tangu hapo halijahama hata shubiri. Lilisimama katikati ya sebule, chuma cheusi chenye mapambo ya kung'aa, na mbele vidirisha vya ulanga, jiwe jembamba linaloonyesha kama kioo, ambavyo unauona moto kupitia kwavyo. Kila Jumamosi Pelagia alilipaka dawa nyeusi na kulisugua. Alilisalimu. Aliliuliza kama limeshiba. Noreen hakukumbuka siku aliyoulizwa yeye.

Mamlaka yote ya nyumba yalikuwa kwenye kipande kimoja cha chuma, mkono wa kutikisia, ambao huchomekwa ubavuni mwa jiko na kupelekwa huku na huku ili majivu yaanguke chini. Pelagia aliufunga kwenye mkanda wa aproni yake. Saa kumi na mbili asubuhi alimpa Noreen, kwa sababu, alisema, magoti yake asubuhi hayawezi kuinama wala kushuka ngazi. Noreen alitikisa mpaka mwanga mwekundu uanze kudondokea kwenye droo ya majivu, akaacha hapo hapo, akaongeza makaa, akamwaga majivu kwenye ndoo ya kibaraza cha nyuma, akaurudisha mkono kwa mwenyewe kama mfungwa anayerudisha jembe.

Kazi ya jioni Pelagia hakumwachia mtu. Jioni ndipo jiko hujazwa mpaka juu na kufungwa ili lifike alfajiri, na hatari iko hapo. Makaa mapya hutoa gesi kabla hayajashika moto. Ni lazima usubiri ndimi ndogo za buluu zizuke juu yake. Zikizuka, gesi inaungua, na unaweza kufunga kilango cha dohani, bomba la kutolea hewa chafu, ili joto lisipotee. Ukifunga kabla, gesi inakosa pa kwenda, inarudi ndani ya nyumba, nayo haina harufu. Kolver kila mtu ana ndugu aliyelala na hakuamka kwa sababu ya haraka ya jioni moja.

Vasil, mume wa Noreen, hakuwepo kuyaona hayo. Migodi ilikuwa imefungwa karibu yote, na wanaume wa mji walikwenda kufanya kazi kwenye viwanda vya magari New Jersey, wanne wanne ndani ya gari moja. Waliondoka Jumapili na kurudi Ijumaa jioni. Siku tano za wiki nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mtoto mchanga na jiko.

Ijumaa ya wiki ile Vasil alikuta meza imeandaliwa. Kulikuwa na tambi zilizokaangwa na kabichi, mkate, siagi, na karibu na siagi bakuli la mabonge meusi.

"Nimekuwekea," mama yake alisema. "Usije ukasema nawasingizia watu."

Vasil aliliangalia lile bakuli. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na kati ya wanawake wawili wanaogombana hakuna mtu wa hatari kama huyo.

"Noreen, ni kweli haya?"

"Si mama yako anasema ni kweli."

"Nakuuliza wewe."

"Sijui, Vasil. Natikisa mpaka naona wekundu, naacha. Kama alivyosema mwenyewe. Sijui yanatoka wapi."

"Umesikia?" Pelagia aliliambia jiko. "Hajui yanatoka wapi. Labda yanaanguka na theluji."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mimi niko hapa miaka hamsini na ndoo yangu haijawahi kunyooshewa kidole. Leo nikipita kwenda kanisani wananiuliza hali ya barabara, eti imepata joto? Huyu hataki kujifunza. Moto haukai na mtu asiyetaka. Chagua, mwanangu. Mimi nimeshasema yangu."

Vasil alikula matonge mawili, akaweka uma chini. Akasema yale aliyokuwa ameyapanga njia nzima, maana aliyasema bila kumwangalia mkewe. Jumanne ijayo majivu yakitoka meusi tena, Ijumaa akirudi atawapeleka Noreen na mtoto Filadelfia kwa baba yake. Si kufukuzana. Ni kwa muda tu, mpaka Pasaka, mpaka Mama atulie.

Noreen aliijua hiyo "mpaka Pasaka". Kwa baba yake kulikuwa na vyumba viwili na kaka zake wanne, na jikoni alilala dada yake, ambaye naye alirudishwa na mumewe kwa muda tu, miaka saba iliyopita. Aliangalia kabichi kwenye sahani yake na kumchukia mama mkwe kwa moyo wote, bila aibu. Akamchukia na Vasil kidogo, kiasi cha kumtosha.

"Sawa," alisema. "Jumanne."

Siku tatu alifanya kazi kama mtu anayefanyiwa mtihani. Alitikisa kidogo kidogo, akiinama kila mara kutazama droo. Kila alipomwaga majivu aliyapitisha kwanza kwenye chekeche, na lililobaki juu, hata likiwa dogo kama harage, alilirudisha kwenye moto. Jumatatu alasiri, Pelagia akiwa kanisani kwenye kikao cha akina mama cha kutengeneza vitumbua vya viazi vya kuuza, Noreen alitandika magazeti kwenye kibaraza cha nyuma, akaimwaga ndoo yote, akapekua majivu kwa vidole mpaka kucha zikawa nyeupe. Hapakuwa na jeusi hata moja. Akayarudisha yote, akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Jumanne asubuhi alitikisa jiko, akachukua droo, akaenda kuimwaga. Ndani ya ndoo, juu ya majivu yake safi, mabonge meusi yalikuwa yamezamishwa nusu.

Kwanza alidhani ana wazimu. Kisha akachutama, akachukua moja, akaligeuza. Lilikuwa na ubaridi wa unyevu. Makaa huwekwa kwenye chumba cha chini ya nyumba na kunyunyiziwa maji ili vumbi lisipande. Haya yalikuwa na maji bado, na majivu yalikuwa yameyaganda kama unga kwenye mwiko uliolowa. Akalifuta kwa aproni. Liling'aa. Noreen alikuwa ameshika makaa ya kutosha miezi ile kujua kwamba bonge likipita motoni, hata kwa dakika tano, mng'ao unakufa na linavaa ngozi ya kijivu. Hili halikuwa na ngozi yoyote. Lilitoka chumba cha chini moja kwa moja likaja kwenye ndoo, na halikuja kwa miguu yake.

Angeweza kuyatoa. Ndoo ingetoka safi, na Ijumaa ingepita. Lakini aliyaacha yote pale pale. Alimvika mtoto, akajifunga skafu, akaibeba ndoo mwenyewe hadi kando ya barabara, akasimama pembeni yake kama muuzaji.

Pelagia alitoka saa tatu kasorobo. Akapiga magoti, akazamisha mkono.

"Wiki ya nne," alitangaza. "Jamani, mimi sina la kusema tena. Majivu yenyewe yanasema."

"Yaache yaseme, Mama," Noreen alisema. "Bi Anastazia, naomba uje kidogo."

Anastazia Kupchak alikaa nusu ya pili ya nyumba ileile, ukuta mmoja kati yao. Baba yake, mumewe na kaka zake wote walikuwa wachimbaji, na yeye mwenyewe utotoni aliokota makaa kwenye malundo ya taka za mgodi. Alipita uzio mdogo akiwa na fagio lake, akapokea bonge kutoka mkononi mwa Noreen. Hakuhitaji hata kuligeuza.

"Mama Vasil," alisema polepole. "Hili halijawahi kuona moto."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema hili ni bichi. Lina maji. Na hili. Na hili hapa pia." Alikuwa anayatoa moja moja na kuyaweka kwenye theluji, na kila moja liling'aa. "Haya yametoka kwenye chumba chako cha chini leo asubuhi. Nani ameyatia humu?"

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha kutoka kibaraza cha ng'ambo mwanamke mmoja aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Basi mchochezi ni yupi hapo?" Na mtaa mzima ukaangua kicheko, kile kicheko cha watu walioogopa mtu kwa miaka mingi na sasa wamepata nafasi.

Pelagia aliinuka. Alirudi ndani taratibu, mkono ukipapasa uzio, na gari la majivu likaja likachukua kila kitu.

Noreen alifurahi, tena furaha mbaya, ya kutaka kuila kwa kijiko. Aliimba akimwogesha mtoto. Aliimba akimenya viazi. Ni kwenye kiazi cha nne au cha tano ndipo alipoacha kuimba, kwa sababu jambo moja lilikataa kukaa sawa. Pelagia Hudak alikuwa bingwa wa makaa Kolver nzima. Mtu kama huyo anafanyaje kosa la mtoto? Kama alitaka kumsingizia, angeokota kwenye majivu vipande vilivyoungua nusu, au angeyapitisha mabonge motoni kwanza. Na yale magoti yasiyoweza ngazi saa kumi na mbili, yaliwezaje ngazi za chumba cha makaa saa kumi na moja, na kupigwa chini kwenye theluji kila Jumanne?

Alifuta mikono. Akachukua kipande kimoja kwenye droo ya majivu na kingine kwenye ndoo ya makaa, akaenda sebuleni. Pelagia alikuwa kwenye kiti chake, uso kwa jiko.

"Mama, lipi kati ya haya limeungua?"

Mama mkwe alinyoosha mikono miwili, akavipokea, akavipima. "Hili. Ni jepesi. Unanitania?"

Noreen alivichukua tena, akavishika mbele ya uso wa mama mkwe, kimoja kila mkono. "Sasa niambie bila kushika."

Jiko lililia kidogo, kama linavyolia makaa yakishuka.

"Tangu lini?" Noreen aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe. Tangu lini huoni?"

"Naona vivuli. Naona dirisha liko wapi." Akavuta shali. "Tangu kabla hujaja hapa na sanduku lako."

"Ndiyo maana ukanipa asubuhi. Wekundu kwenye droo huuoni, ukasingizia magoti. Na jioni je? Kila jioni unafunga dohani. Unajuaje kama ndimi zimezuka?"

"Nasikia. Gesi ikishika inapiga, pu, polepole, kama mtu anayefumbua mdomo. Halafu naweka kiganja."

"Na ukikosea?"

"Sijakosea."

"Mtoto wangu analala chumba cha juu, juu ya jiko hili. Kuna tundu sakafuni, linapitisha joto, linapitisha na gesi. Ukikosea mara moja tu, Mama, mara moja."

"Sijakosea," Pelagia alirudia, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

Noreen alifikiria jioni zote zile, tangu Oktoba, amelala juu akimnyonyesha mtoto wake Tekla na kumlaani bibi yake kimoyomoyo kwa mambo madogo madogo, na kumbe.

"Nipe huo mkono wa jiko."

"Sikupi."

"Nitamwambia Vasil."

"Mwambie. Mimi ningekuwa nimeshamwambia." Pelagia aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Unadhani sijui kitakachofuata? Atanipeleka kwa Olena, dada yake, Cleveland. Nyumba ya moto wa kubonyeza ukutani. Watanikalisha kitini kama furushi, waniletee supu, waseme Mama usiguse, Mama usisimame, mpaka nife. Nilitaka uondoke kabla hujagundua. Ndiyo. Mtu aliye nyumbani kutwa ndiye angegundua, si yeye wa Ijumaa kwa Ijumaa."

"Kwa hiyo mimi ndiyo niende nikalale jikoni kwa baba yangu na mtoto."

"Ndiyo hasa. Wewe una macho na una miguu. Ungepona."

Kulikuwa na ukweli mtupu katika majibu yale, na Noreen hakujua afanye nini nao. Alirudi kwenye viazi vyake. Jioni ile Pelagia alipojaza jiko, Noreen alivuta kigoda akaketi mbele ya vidirisha vya ulanga, akayakodolea makaa mpaka buluu ilipozuka, na mkono wa bibi kizee ulifunga kilango papo hapo, sawasawa. Jumatano ikawa hivyohivyo. Alhamisi pia. Chuki ilikaa kati yao pale sebuleni kama mtu wa tatu, imekunja miguu, inaota moto.

Ijumaa kulikuwa na upepo mkali unaoshuka kutoka mlimani. Vasil aliingia saa kumi na mbili jioni na theluji mabegani, na kabla hajaweka mfuko chini ilijulikana kwamba anajua. Mwenzake mmoja wa kwenye gari alikuwa na mke mwenye simu.

"Ni kweli uliyatia wewe?" alimuuliza mama yake.

"Niliyatia."

"Wiki zote nne?"

"Zote."

"Kwa nini, Mama?"

"Simpendi mkeo," Pelagia alisema. "Unataka sababu nyingine?"

Noreen alikuwa anapakua. Alielewa vizuri alichokisikia. Mama mkwe wake alikuwa amechagua kuitwa mwovu mbele ya mwanawe kuliko kuitwa kipofu.

Vasil aliketi. Alisugua uso kwa viganja, mara mbili, tatu. "Nilitaka kumwondoa mke wangu," alisema. "Nilitaka kumrudisha mtoto wangu kwenye vyumba viwili, kwa bakuli la makaa. Mama, siwezi kukuacha naye humu siku tano kwa wiki, baada ya hili. Siwezi. Jumapili nitampigia Olena. Atakuja kukuchukua kabla ya Krismasi."

Vasil akavuta sahani, akaanza kula kwa hasira, mgongo kwa jiko. Ndivyo ilivyokwisha, basi. Noreen alikuwa ameshinda bila kufungua mdomo. Alisubiri ile furaha ya Jumanne irudi, na haikurudi. Aliyekuwa anaondolewa mezani kwa bakuli la makaa safari hii ni mwingine, basi, na kiti kilikuwa kilekile.

Muda wa kujaza jiko ulikuwa umefika. Pelagia aliinuka kama jioni nyingine zote. Alifungua mlango wa jiko, akamwaga makaa beleshi kwa beleshi mpaka juu, akafunga mlango, akasimama na vidole juu ya kilango cha dohani, kichwa kimeinama upande.

Upepo ulikuwa unavuma ndani ya dohani kama ng'ombe. Noreen alisimama na bakuli la tambi mkononi, na akatambua kwamba katika kelele ile hakuna sikio ambalo lingesikia gesi ikishika. Aliangalia vidirisha vya ulanga. Juu ya makaa palikuwa peusi tii. Na vidole vya Pelagia vikaanza kuzungusha kilango, polepole sana.

"Bado," Noreen alisema.

Vidole vikasimama.

Vasil aligeuka. "Bado nini?"

Neno moja lingetosha. Haoni. Asingekuwa anasema uongo wala asingekuwa anatenda dhambi; angekuwa anamlinda mtoto wake, na mwanamke huyu angekwenda Cleveland mapema zaidi, akiwa na aibu mbili badala ya moja. Pelagia alisimama bila kujitikisa, akisubiri lisemwe.

"Bado hajaenda Cleveland, na haendi," Noreen alisema. "Kazi hii ya jioni mimi siijui. Akiondoka sasa nani atanifundisha? Wewe wa Ijumaa?"

"Noreen, mtu huyu amekuwekea makaa kwenye ndoo mwezi mzima."

"Najua alichoniwekea. Kula, chakula kinapoa."

Upande wa nyuma wa jiko ukazuka ulimi mmoja wa buluu, ukazima. Ukarudi. Ukaja mwingine kando yake, kisha uso wote wa makaa ukawa unacheza buluu.

"Haya sasa," Noreen alisema, kana kwamba anasema na bakuli, na akaweka tambi mezani.

Pelagia alifunga kilango. Vasil aliwaangalia mmoja mmoja, akaona hapana anayelia, akakubali kama wanaume wanavyokubali amani wasiyoielewa. Alipomaliza kula alipanda juu kumtazama mtoto, na hatua zake zikasikika sakafuni juu ya vichwa vyao.

"Usidhani nimekusamehe," Noreen alisema. "Mtoto yuko juu, ndiyo maana."

"Najua yuko juu. Nilikuwa nakusubiri useme kama ndimi zimezuka."

"Ulikuwa umeanza kufunga."

"Nilianza polepole." Pelagia alipapasa kiti chake, akaketi. "Upepo ule, sikusikia hata jina langu. Ningemuuliza Vasil, angeniambia zimewaka, ili nikae nipumzike. Huyo ananipenda. Wewe hunipendi. Wewe hutanidanganya ili kunifurahisha."

Noreen alianza kukusanya sahani. Lilikuwa neno la kwanza jema kuambiwa katika nyumba ile, na alizidi kumchukia kwa kulisema, kwa kuwa lilikuwa kweli.